Jani-Samli la Baba Dogo

Ijumaa, 3 Oktoba 1997

Daftari hili nalianza kwa agizo la Hedvig, anayetaka kila mmoja wetu aandike kila siku, hata siku isiyo na jambo. Hedvig ni mwalimu mstaafu wa mji wa Gothenburg, Uswidi, na ndiye mwenyekiti wa kikundi chetu. Sijapata kumwona. Hakuna mtu katika kikundi hiki aliyepata kumwona mwenzake. Tuko saba katika nchi saba, na kinachotuunganisha ni waya wa simu na mmea mmoja.

Mmea wenyewe ni mdogo, hautoshi kufunika kiganja. Majani yake yamelala chini kwa duara, ya kijani kilichopauka, na uso wake unateleza kana kwamba umepakwa mafuta. Usubi akitua hapo hatoki tena. Jani linamshika, linamlowanisha, na baada ya siku chache limebaki ganda lake tu. Jirani yangu Magan, siku ya kwanza alipougusa, alinusa kidole chake akasema, "Hili ni jani la samli." Tangu hapo ploti nzima, wapangaji wote wa lango letu, inaliita jani-samli, nami nimekubali.

Lilitoka kwenye genge moja tu la mwamba, nyuma ya shule anayofundisha Evaristo, katika milima ya Oaxaca nchini Meksiko. Evaristo amelitafuta kwingine kwa miaka kumi na moja bila kuliona. Wataalamu hawajalipa jina kwa kuwa hakuna aliyewapelekea ua. Mwezi wa Februari alitutumia kila mmoja wetu miche mitatu, pamoja na karatasi za ukaguzi. Mradi wetu ni huu: kila mtu ailee kwake, tuandikiane kila Ijumaa, mpaka ua lipatikane.

Yangu imo katika mikebe mitatu ya mafuta ya kupikia, kwenye dirisha la mashariki, juu ya mchanga wa mto na unga wa tofali. Nimeipa majina ya stesheni nilizofanyia kazi Uganda: Jinja, Tororo na Namasagali.

Maji ya pipa la mvua: matone matatu.

Jumapili, 5 Oktoba

Nieleze hayo matone, asije mtu akasoma akadhani nimeingiwa na uzee.

Miaka ishirini na sita nilipima maji ya reli. Maji yenye chokaa huua boila la injini ya mvuke polepole, kama ugonjwa wa mishipa. Kwa hiyo kila tangi lilipimwa: unajaza chupa nusu, unadondosha maji ya sabuni, unatikisa, na unahesabu matone mpaka povu likae dakika tano bila kuanguka. Maji laini hutosheka na matone machache. Jani-samli la Evaristo linaota juu ya mwamba usio na chokaa hata chembe, na Hedvig alinialika kikundini kwa sababu hiyo hasa. Nilisoma makala yake katika jarida la bustani kwenye maktaba ya Makadara, nikamwandikia kwamba maji anayoyasifu, laini kupita kiasi, yangekula chuma na kutoboa injini. Akacheka, akaniita.

Mwaka 1977, jumuiya ya nchi tatu ilipovunjika, nilirudishwa Kenya na mke wangu Awuor na mkoba mmoja. Nyuma tulibakisha waridi zake na kabati la vitabu vyangu. Awuor alifariki mwaka 1984. Tangu tuondoke Jinja sijapanda kitu ardhini. Ninacholea hukaa ndani ya mkebe wenye mkono wa kubebea.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nilikwenda kwa Mutheu saa sita. Mutheu ni sekretari wa kiwanda cha vifungo hapa Baba Dogo, Nairobi, na wakati wa chakula cha mchana mkubwa wake humruhusu kunitolea barua zangu kwenye kompyuta. Barua tano. Evaristo kimya.

"Labda amesafiri, Mzee," Mutheu alisema.

Evaristo hajakosa Ijumaa hata moja.

Jumanne, 14 Oktoba

Mawingu. Matone matatu.

Ijumaa, 17 Oktoba

Hedvig amepata habari. Kimbunga kilipiga pwani ya Meksiko wiki iliyopita, na mvua yake ikapanda milimani. Evaristo mzima. Paa la shule limekwenda. Genge limekwenda lote, limeporomoka mpaka mtoni, na miche aliyoiweka uani kwake imekwenda nalo.

Mutheu alisoma mara mbili, ya pili kwa sauti ya chini.

"Kwa hivyo kule kwao haiko tena?"

"Haiko."

"Iko tu kwenu nyinyi sita."

Hedvig amemalizia hivi: tusiwaze tena nani atapata ua kwanza. Tuwaze kumrudishia Evaristo alichotupa.

Jumapili, 19 Oktoba

Mvua imeanza rasmi. Redio inasema ni El Nino na kwamba itakaa. Kwenye mabati inapiga hata mtu hajisikii akiimba. Hedvig anaona wivu: maji laini yanamwagika bure kutoka mbinguni, na hali ya hewa yetu, kwa kipimajoto changu, inalingana karibu kabisa na ya milima ya Evaristo. Ajabu kwamba mmea huu ulizunguka dunia nusu nzima ukakuta kwao kwingine hapa, kati ya kiwanda cha vifungo na soko la mbuzi la Kiamaiko.

Nimeamua kuacha kupima. Maji ya mvua hayana haja ya sabuni.

Jumatatu, 27 Oktoba

Tororo amekufa. Nimekasirika mno.

Nilitoka asubuhi kwenda posta. Niliporudi jioni nikasikia harufu kabla sijaona kitu. Katikati ya Tororo kulikuwa na kipande cha nyama, kikubwa kuliko mmea wenyewe, kimepikwa na joto la dirisha la siku nzima, na majani chini yake yamegeuka uji mweusi. Magan alikuwa mlangoni kwake akipiga mswaki, anatabasamu.

"Mzee Patrobas, umeona? Nimempa kitu safi."

"Umempa nini?"

"Maini. Mbuzi mchanga wa leo asubuhi. Hata mke wangu sikumkatia."

"Magan! Nani alikwambia umlishe?"

"Nani aniambie? Mgeni wako ako hapa tangu Februari, na kazi yake ni kula usubi. Mimi niko Kiamaiko, mbuzi wanapita mikononi mwangu kila siku, halafu mgeni wa jirani yangu, mtu wa nyama, anakula wadudu? Watu wakisikia, aibu ni ya nani?"

Nilimwita maneno ambayo sitayaandika. Nilimwambia ameua mmoja katika mimea kumi na minane iliyobaki duniani. Tabasamu likamtoka. Akaosha mswaki wake polepole, akaingia ndani, akafunga mlango.

Jumanne, 28 Oktoba

Mvua. Magan hakunisalimu. Mimi pia sikumsalimu.

Jumatano, 29 Oktoba

Nimefikiria. Mtu huyu, katika miaka mitano ya ujirani, hajawahi kula mbele yangu bila kunikaribisha. Aliutendea mmea jinsi anavyonitendea mimi. Nilikwenda kubisha. Nikamwambia Tororo ilikuwa stesheni yenye vumbi na sikuipenda sana. Akacheka mpaka akashika ukuta. Chai yake ilikuwa na maziwa ya kutosha kuzamisha kijiko.

Ijumaa, 7 Novemba

Habari za maini zimeenea. Leo alikuja Mama Wathome, wa chumba cha mbele, mzee wa kanisa ambaye sauti yake inafika barabarani bila kupazwa. Alikuja na wanawake wawili wa ushirika. Hawakutaka kukaa.

"Ni kweli kile kitu kinakula nyama?"

"Kinakula usubi, Mama Wathome."

"Leo usubi. Kesho?"

"Kesho usubi pia."

"Na Magan alikipa maini."

"Kikafa."

"Basi Mungu yuko."

Wale wawili wakasema amina. Nikamwomba aangalie mwenyewe. Aliinama kwa mbali, kama anayechungulia kisima. Usubi mmoja alikuwa bado anapiga mguu.

"Mungu alisema majani yaliwe na wanyama," alisema. "Hakusema hivi. Wewe ni msomi, Mzee, lakini hiki nitakiombea kiondoke."

Na kweli anakiombea. Kila jioni saa kumi na mbili na nusu namsikia akitaja ploti, watoto, bei ya unga, serikali, kisha "kile kitu cha dirishani".

Ijumaa, 14 Novemba

Barua mbaya. Teruo wa Japani amepoteza yote mitatu kwa ukungu. Yule wa Kanada alizimikiwa na umeme, baridi ikaua yake. Ureno amebaki na mmoja, na Bi. Gwenllian wa Wales na mmoja. Hedvig anayo miwili, lakini kwao jua sasa linatua kabla ya chai ya jioni.

Mutheu anaandika idadi kwa penseli pembeni mwa kalenda ya ofisi. Leo ameandika: 6.

Jumatatu, 17 Novemba

Namasagali ana jani moja la njano. Huenda ni uzee tu.

Jumatano, 19 Novemba

Majani manne ya njano. Jinja naye ana moja. Nimepunguza maji, nimesogeza mikebe, nimefungua dirisha. Mvua haipumui.

Alhamisi, 20 Novemba

Leo nimejua, na nitaandika yote kwa kuwa aibu ni yangu.

Nilikaa kitandani tangu asubuhi nikiorodhesha yaliyobadilika. Mwanga ni ule ule. Mchanga ni ule ule. Maji ni ya mvua. Hapo ndipo nilipojisikia nikiyasema kama watu wa stesheni zile walivyokuwa wakiyasema: maji yetu ni mazuri, bwana, usijisumbue. Na mimi nilikuwa nikiwaambia, tikisa chupa.

Nikatoa chupa. Matone matatu, povu hakuna. Saba, hakuna. Kumi, povu likainuka likaanguka. Matone kumi na tisa.

Nikatoka nje kwenye mvua nikaegemea pipa, nikalipapasa kwa ndani. Chini kabisa, ambapo lilikuwa likivuja, mkono ulikuta kiraka kipana, laini, kipya. Saruji.

Mbaluka, mlinzi wa ploti, alikuwa akifagia maji langoni.

"Mbaluka, nani ameziba pipa langu?"

"Ni mimi, Mzee. Nilikuona unachota kila siku huku linavuja. Nikasema mzee wa watu asihangaike."

"Lini?"

"Ile wiki mvua ilianza. Hukuona? Nimekuzibia kazi safi, haitoki hiyo mpaka ufe."

Nilimshukuru. Kazi ilikuwa safi. Ningalipima siku ile ile, ningalijua siku ile ile. Mwezi mzima nimeinywesha miche ile chokaa ya saruji kwa mkono wangu, mimi niliyelipwa mshahara miaka ishirini na sita nisiamini maji ya mtu.

Sasa nimetega sufuria katikati ya uwanja, mbali na mabati. Matone mawili.

Jumanne, 25 Novemba

Namasagali amekufa.

Ijumaa, 28 Novemba

Ureno: mche umekufa. Wales: umekufa. Hedvig: wa kwanza Jumatatu, wa pili jana.

Barua yake ina mistari miwili. "Patrobas, sasa umebaki wewe. Ukiweza, ng'oa majani machache uyalaze juu ya mchanga. Jani moja huzaa mche."

Mutheu alifuta namba kwenye kalenda akaandika 1. Kisha akaizungushia duara.

Najua jani huzaa mche. Najua pia kwamba Jinja ana majani saba tu, matatu ya njano, na nikimng'oa vibaya nitakuwa nimemaliza kazi ya kimbunga. Mkono umekataa.

Jumanne, 2 Desemba

Jani jipya katikati ya Jinja. Dogo kama ukucha wa mtoto, na linateleza. Matone mawili.

Ijumaa, 5 Desemba

Nilikuwa kwa Mutheu nikimwandikia Hedvig juu ya jani jipya. Saa saba mvua ilizidi hata tukashindwa kusikilizana, na saa nane mfanyakazi mmoja akaingia amelowa mpaka kifuani, akasema mto umetoka njia yake na ploti za chini zinaogelea. Ploti yetu ni ya chini.

Mutheu alinishika mkono njia nzima. Langoni maji yalinifika magotini. Viatu, sufuria, kuku mmoja aliyeduwaa juu ya godoro, vyote vinapita. Mlango wangu ulikuwa wazi. Meza imeelea, vitabu vimelowa, na dirishani hakuna mkebe. Nilipapasa chini ya maji kwa mikono yote miwili. Nikapata chupa ya kupimia. Nikapata kiatu. Mutheu alikuwa akisema, "Mzee, tutoke, Mzee, tafadhali," nami nikawa nafikiri bila machozi, kwa utulivu wa ajabu, kwamba hii ni mara ya pili, na kwamba safari hii hata mkoba sina.

Watu walikuwa wamekimbilia kanisani, jengo la mawe juu ya mtelemko. Magan alikuwa mlangoni akiwapokea watoto, na mbuzi wake wawili wamefungwa kwenye nguzo ya kengele. Aliponiona akapaza sauti ndani:

"Mama Wathome! Mwenye mgeni amefika!"

Alikuja, kanga yake inatiririka.

"Mzee Patrobas, ulikuwa wapi watu wakizama?"

"Mama, nyumba yangu, dirishani..."

"Wewe njoo."

Mbele ya kanisa, juu ya meza ya Bwana, kwenye kitambaa cheupe, kati ya vinara viwili, ulikuwa mkebe wa mafuta ya kupikia. Ndani yake Jinja, majani yote saba na lile dogo, na usubi mpya amenasa.

"Nilipita mlangoni kwako na godoro langu kichwani," alisema. "Nikakiona. Nikasema, Bwana, hiki nimekiombea kiondoke mwezi mzima na leo unakiondoa, asante. Nikapiga hatua tatu. Nikashindwa. Nikatupa godoro."

"Ulitupa godoro lako?"

"Mikono ni miwili, Mzee! Na mahali pakavu ni hapo tu. Mchungaji akiuliza, ni wewe utamweleza."

Nilikaa kwenye benchi la mbele nikalia mbele ya watu, jambo ambalo sikulifanya mwaka 1977.

"Na hakijaniuma," aliongeza.

Jumatano, 10 Desemba

Maji yameshuka. Tunachota tope. Magan amemletea Mama Wathome godoro.

Ijumaa, 12 Desemba

Leo niling'oa. Nilikuwa nimekosea kuhesabu: siku zote nilihesabu majani ya Jinja, sikuhesabu watu. Nilichukua majani manne mazuri, kila moja na kitako chake cheupe, nikayalaza kwenye mikebe minne. Mmoja wangu. Mmoja wa Mutheu, dirisha la ofisi. Mmoja wa Magan, aliyeapa kwa Mungu kuweka nyama mbali. Mmoja nilimpelekea Mama Wathome.

"Mimi?"

"Wewe ndiye uliyekibeba."

"Na nikilishe nini?"

"Maji haya ya chupa. Chakula kitajitafutia."

Aliuweka juu ya kabati la vyombo, pembeni mwa Biblia, ili vitazamane.

Jumatatu, 29 Desemba

Nimepiga kura. Foleni ndefu, mvua ndefu zaidi. Matone mawili.

Alhamisi, 8 Januari 1998

Jani la Mama Wathome limezaa! Chipukizi kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Amewaita wanawake wote wa ushirika waje kuona. Alieleza mambo ya usubi kana kwamba aliyagundua yeye.

Jumamosi, 10 Januari

La Mutheu pia. La Magan lina vichipukizi viwili, na hatulali kwa majigambo. Langu bado.

Ijumaa, 16 Januari

Katikati ya Jinja kumeinuka uzi, umejikunja kichwa kama mtu aliyesinzia. Sikumwambia mtu isipokuwa Mutheu, naye amewaambia watu wa nchi sita.

Ijumaa, 23 Januari

Ua.

Lilifunguka saa tatu asubuhi, mvua ikiwa imepumzika. La zambarau, na koo jeupe lenye mistari ya njano, na nyuma yake mkia mrefu uliochongoka. Haliko katika kitabu chochote. Nimelipima: milimita ishirini na tatu kwa kumi na tisa. Mkia, thelathini na moja.

Watu wote wa ploti walipita chumbani kwangu kwa foleni iliyonyooka kuliko ile ya kura. Mbaluka alivua kofia. Magan aliweka mikono nyuma bila kuambiwa. Mama Wathome alitazama kwa muda mrefu kuliko wote.

"Kumbe alikuwa anakula ili afanye hivi," alisema.

Mutheu alileta kamera ya kiwanda, ile wanayopigia vifungo picha. Tulimaliza filamu nzima.

Ijumaa, 6 Februari

Picha zimekwenda kwa watu sita. Miche mitatu imekwenda kwa Evaristo, imefungwa kwa pamba yenye unyevu, na karatasi za ukaguzi zenye mihuri minne. Nilipima maji ya ile pamba mara mbili. Mmoja umetoka kwa Mutheu, mmoja kwa Magan. Wa tatu Mama Wathome aliuleta mwenyewe, ameubusu mkebe.

Ijumaa, 20 Machi

Hedvig ameomba majani, na Teruo, na Bi. Gwenllian. Watayapata. Dirishani mna mikebe kumi na mmoja.

Mutheu alinisubiri langoni kwa kiwanda, karatasi mkononi, mvua ndogo inamlowesha. Barua ya Evaristo.

Miche yote mitatu imefika hai. Mmoja ameuweka darasani, chini ya paa jipya, wanafunzi wamegawana zamu. Mmoja amempelekea mtaalamu pamoja na picha zetu. Wataalamu wanataka jina, naye amewaambia waulize Nairobi. Wa tatu alipanda nao mlimani na wanafunzi wake ishirini, mpaka palipobaki ukingo wa lile genge, akautia katika ufa wa mwamba. "Mvua ilikuwa nyepesi," ameandika. "Nilikaa nao mpaka nikaona jani limeshika mdudu wa kwanza."

Ardhini, basi. Kitu nilicholea, kimepandwa ardhini.

Jioni niliazima jembe la Mbaluka. Mbele ya mlango wangu pana kipande cha udongo hatua mbili kwa tatu, ambacho kwa miaka ishirini nimekuwa nikikiruka. Mama Wathome alitoa kichwa dirishani.

"Mzee Patrobas, unatafuta nini huko?"

"Mahali pa waridi."

"Ya kula nyama?"

"Ya kawaida, Mama."

"Haya," alisema, akaja na maji.

Niliyapima kwanza. Matone mawili.